Kipimo cha Mkono wa Kulia

Fundi alimpima mumewe mara mbili, na mara zote mbili utepe ulimwambia neno lile lile. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, sentimita arobaini na tatu. Wa kulia, thelathini na nane. Mwanamke aliyeshona nguo za watu kwa miaka kumi na tisa hakosei sentimita tano, labda awe anapima huku amefumba macho.

"Mbona unarudia?" mumewe akauliza. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na singlendi, mikono ameitandaza kama mtu anayefukuza kuku.

"Umetikisika."

"Nitikisike mimi? Mimi Nanga?"

Jina la Nanga alipewa uwanjani. Katika raga mchezo ukisimama hupigwa skramu: wanane wa huku na wanane wa kule hushikana, wakainama, wakaingiza vichwa kati ya mabega ya wenzao na kusukumana mpaka upande mmoja ukubali kurudi nyuma. Wawili walio pembeni mwa mstari wa mbele huitwa nguzo, na uzito wa watu wote hao huishia kwenye shingo zao. Yeye alikuwa nguzo wa kulia kwa miaka kumi na minne. Skramu aliyokuwamo yeye haikurudi nyuma ovyo ovyo. Hata marefa walimwita Nanga, na muuza mkate wa mtaani, na mama mkwe wake akiwa na hasira.

Kwa kawaida Fundi alipompima mtu alisoma kipimo kwa sauti, na binti yao, aliyekuwa kidato cha pili, akakiandika kwenye daftari. Ndivyo walivyofanya kazi tangu binti ajue tarakimu. Siku ile Fundi alinyoosha mkono akachukua daftari akaandika mwenyewe. Binti akamtazama mama, akamtazama baba, akaona afadhali akaangalie maji jikoni.

"Huu mkono una nini?" Fundi akauliza alipohakikisha binti ametoka.

"Una vidole vitano."

"Mimi sicheki. Juzi umeangusha kikombe. Juma lililopita umeangusha kingine. Nikadhani umeanza ulevi, nikakunusa ulipolala."

"Heee! Ukanusa nini?"

"Dawa ya kuchua."

Nanga akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Hauumi," alisema. "Ungeuma ningeshukuru. Umekufa ganzi tu, hapa na hapa." Akajigusa kidole gumba na kidole cha shahada. "Utaamka wenyewe. Mambo haya huja yakaenda."

"Na nyama zake nazo zimekwenda wapi?"

Nanga akageuza macho mezani. Kitambaa cha koti kilikuwa juu ya meza, bluu iliyokolea, kimeletwa na Katibu wa klabu mwenyewe. Msimu mpya ukianza Nanga angekuwa kocha wa wachezaji wa mbele, na kocha wa klabu ile siku ya mechi huvaa koti. Kitambaa walimpa. Kushona walimwachia mkewe, kwa kuwa, alisema Katibu, mwenye ng'ombe hanunui maziwa.

* * *

Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyening'iniza miwani kwa kamba. Fundi alitaka kuingia, lakini Nanga akamwambia amsubiri kwenye benchi, chumba chenyewe kidogo. Chumba kilikuwa cha kutosha watu sita.

Daktari akabandika picha ya shingo kwenye taa. "Hapa pamebanana," alisema. "Mshipa wa fahamu unaokwenda mkono wa kulia umebanwa na mfupa. Ndiyo sababu ya ganzi, na ndiyo sababu nyama zinakwisha. Raga basi."

"Hata mechi moja ya kuaga?"

"Hata skramu moja. Ikiporomoka ukiwa ndani, mimi sikuahidi mkono wala sikuahidi miguu. Nadhani unanielewa."

Nanga akakohoa. Alimwelewa vizuri sana. Alikuwa amewahi kumtembelea mchezaji wa klabu nyingine aliyelishwa kwa kijiko na dada yake, na tangu siku ile alikuwa akizunguka mtaa wa pili ili asipite mlangoni kwake.

"Na nikipumzika, mkono utarudi?"

"Huenda ukarudi, huenda usirudi. Ukiona unaanza kujaa tena, ujue mshipa umepata nafasi, uje tupige picha nyingine. Ukizidi kupungua, uje mbio zaidi. Una mtu wa kukupima?"

"Ninaye," akasema Nanga.

Daktari akamwandikia barua ya klabu: asicheze tena. Huko nje Fundi aliisoma yote amesimama, midomo ikichezacheza. "Utampa Katibu leo?"

"Leo leo."

"Amesema nini kingine?"

"Nipumzike. Basi."

Habari ya mkono kujaa au kupungua hakumwambia. Sijui kwa nini, na hata yeye hakujua. Labda mtu akishaambiwa mambo makubwa matatu, hubakiza moja mfukoni angalau liwe lake peke yake. Lakini hilo alilolibakiza ndilo lililotaka kummaliza.

* * *

Ofisi ya Katibu ilikuwa chini ya jukwaa, chumba cha mipira na mafaili. Nanga aliingia na barua mfuko wa shati, na hakupata nafasi ya kuitoa kwa sababu Katibu ni mtu wa kusema kwanza.

"Kocha wangu! Kaa. Kamati walinisumbua juzi, acha tu. Kocha wa mbele wa nini, tunaye kocha mkuu. Nikawaambia jamani, huyu jina lake litabaki kwenye orodha ya wachezaji. Nguzo ninao wanne tu, na sheria mnaijua, mstari wa mbele haingii asiyefundishwa, nikimtia winga pale atavunjika shingo. Kwa hiyo tunapata kocha na nguzo wa akiba kwa mshahara mmoja. Ndipo wakanyamaza."

"Lakini mimi sitacheza, Katibu."

"Nani kasema utacheza? Ni jina tu."

"Jina tu."

"Kwani jina linasukumwa?" Katibu akacheka, akampa mkono. Nanga alitoa wa kushoto, akasingizia kwamba wa kulia una mafuta.

Hapa ningependa kumshika kola. Barua si hiyo hapo, umbali wa shibiri moja? Lakini nimjibuje mtu wa miaka thelathini na sita ambaye kazi aliyoijua ni moja tu, na leo ameambiwa kazi ya pili ameipata kwa sababu ya ile ya kwanza? Barua ilitoka mfuko wa shati ikaingia mkoba wa viatu vya raga, chini kabisa, chini ya soksi. Fundi alipouliza jioni, akamwambia, "Imefika."

* * *

Siku ya kwanza ya ukocha aliingia chumba cha kubadilishia nguo akakaa mahali pake, pembe ya kulia, chini ya msumari wake. Hakufikiri. Matako yana kumbukumbu zake. Akaanza kuongea na huyu na yule, na ilikuwa muda kabla hajaona kwamba mtu amesimama mbele yake na mkoba begani, hajui aende wapi. Alikuwa Tofali, nguzo mpya wa kulia, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye kifua cha mlango.

"Samahani, Kocha," akasema Tofali. "Nitakaa tu chini."

"La, la. Kaa. Kaa hapa." Nanga akainuka, na alipoinuka hakukuwa na mahali pengine.

Halafu ikaja ile ya mlango. Kabla ya mechi na baada ya mechi wachezaji wa klabu ile hushikana mabega duara, nahodha hufunga mlango, na mmoja huanzisha wimbo. Kwa miaka tisa mwanzishaji alikuwa Nanga. Mechi ya kwanza ya msimu nahodha alimjia taratibu, kama anayemwambia mgeni kwamba chakula kimekwisha.

"Kocha, samahani. Tunafunga."

"Eeh! Fungeni, fungeni."

Akasimama ukumbini na mfuko wa mipira. Wimbo ulianza ndani, juu mno, yule aliyeuanzisha hakujua kwamba huanza chini ili upate pa kwenda. Nanga aliuimba moyoni kwa kiwango chake sahihi mpaka mlango ulipofunguliwa, wakampita mmoja mmoja wakisema "Kocha", "Kocha", "Kocha". Hakuna aliyesema Nanga. Hawakuwa na ubaya. Ilikuwa heshima, na heshima nayo ina baridi yake.

Kufundisha kwenyewe kulimshinda mwezi ule. Kazi yake yote aliijua kwa mabega, mdomo hakuwahi kuuhusisha. "Usisukume kwa mgongo," alimwambia Tofali. "Sukuma kutoka... kutoka huku. Unaona?" Tofali alitikisa kichwa kuwa anaona, na kila mtu alijua kwamba hakuna anayeona. Zamani angeinama akamshika na kumwonyesha, wangemalizana kwa dakika moja. Sasa alisimama kando na filimbi katika mkono wa kushoto, akitafuta maneno ya vitu visivyo na maneno.

Simu yake nayo ikapoa. Zamani ililia mpaka Fundi akatishia kuitia kwenye ndoo ya maji: njoo tukae, njoo tucheke, njoo umtanie fulani. Sasa wachezaji hawampigii kocha ili wamseme kocha. Na makocha wengine walikuwa na miaka hamsini na walizungumza habari za presha. Alirudi nyumbani mapema, akala, akakaa sebuleni akisikiliza cherehani ya mkewe chumba cha pili, ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama. Binti alikuwa na mitihani. Mara moja alimuuliza, "Mwanangu, kuna kitu nikusaidie?" Binti akamwonyesha hesabu ya vipeo. Baba akaitazama kwa muda wa heshima, akamrudishia.

* * *

Koti lilipofika hatua ya kujaribiwa, Fundi alilitundika kwenye kibao akaliona litakavyokuwa. Mkono wa kushoto ungejaa. Wa kulia, kwa kipimo kilekile, ungening'inia kama wa nguo ya kuazima. Angeweza kuubana, lakini ukibana mmoja kila mwenye macho anaona miwili. Alifikiria wake wa wachezaji jukwaani, alivyowajua kwa umbea. Alimfikiria mumewe mwenyewe, ambaye siku hizi alibadili nguo ameugeukia ukuta, hata mkono wake hautazami.

Basi akachukua pamba. Tabaka la kwanza kutoka begani mpaka kiwiko, la pili fupi zaidi, la tatu katikati tu, kila ukingo ameuchambua mpaka ukawa mwembamba kama hewa, akashona kwa mkono, si kwa cherehani, akafunika kwa bitana. Siku tatu alifanya kazi ile mumewe akiwa mazoezini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na uzuri wake ulikuwa kwamba mtu asijue ipo.

Nanga alilivaa mbele ya kioo cha wateja. Akageuka ubavu wa kushoto, akageuka wa kulia. Akainua mikono yote miwili.

"Fundi."

"Abee."

"Limekaa."

"Limekaa."

"Pande zote mbili."

Fundi akainama kuokota pini ambazo hazikuwa zimeanguka. "Pande zote," alisema. Alidhani mumewe ameiona pamba, na kwamba kwa maneno yale machache anamshukuru bila kumwaibisha. Alimpenda sana saa ile.

Na Nanga, maskini, aliona mkono wake umerudi. Daktari si alisema? Ukiona unaanza kujaa, ujue mshipa umepata nafasi. Mke wake alimpima mwanzo akaandika kimya kimya, sasa ameshona kwa vipimo, na koti hilo hapo limejaa huku na huku. Nguo haina sababu ya kumdanganya mtu. Ganzi ilikuwapo bado, lakini hata mguu ukifa ganzi huwasha kabla ya kuamka, na asubuhi ile kidole gumba kilikuwa kikimwasha, au alikitaka kiwashe. Hakusema kitu. Alitaka kwanza awe na uhakika, ampe mkewe habari nzima kwa siku moja. Miaka kumi na saba wamelala kitanda kimoja, na kila mmoja alilala usiku ule na furaha yake upande wake, amegeukia ukuta wake.

Jumamosi iliyofuata alitia viatu vya raga miguuni, vile vyenye meno, akavaa jezi ya akiba ndani, koti juu. "Nyasi zimelowa," alimwambia Fundi alipoangalia miguu yake. Fundi akasema, "Haya," akatafuta mwavuli.

* * *

Mechi ilikuwa ngumu na ya matope. Mmoja wa nguzo wanne hakuja, alikuwa na homa. Wa kushoto aliumia mbavu kabla ya mapumziko, akaingia wa akiba. Dakika ya sabini na moja klabu ilikuwa mbele kwa pointi mbili tu, na hapo Tofali akagongana kichwa na mtu, akainuka, akaanza kutembea kuelekea goli lisilo lake. Wakamshika, wakamtoa. Damu ilikuwa imemfunika jicho.

Refa akaja mstari wa pembeni. Mpira ulikuwa wa skramu, mita kumi kutoka kwenye mstari wao.

"Kocha, nguzo wa kulia unaye?"

Nanga akatazama benchi, ingawa alijua benchi lina nani.

"Kama huna," refa akasema, "skramu zinakuwa za kuegemeana tu, hakuna kusukumana mpaka mwisho. Na timu yako inapungua mtu mmoja. Lakini naona jina lako kwenye orodha."

Nahodha alikuwa amekuja mbio, matope mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake wale saba wa mbele walisimama mikono kiunoni wakitazama, wakihema.

"Nanga," nahodha akasema. "Dakika tisa tu. Ingia, Nanga."

Jina lake. Kwa mwezi mzima hakuna aliyelitamka pale, na lilipotamkwa lilimwingia tumboni kama uji wa moto kwa mtu wa baridi. Wengine nao wakalidaka. "Nanga, njoo!" "Nanga baba!" Alijiona tayari yuko katikati yao, shavu juu ya shavu la mwenzake, na baadaye ndani ya ule mlango, na wimbo akiuanzisha chini panapofaa. Na mkono si umerudi? Akaanza kufungua vifungo vya koti.

Jukwaani binti akamshika mama mkono. "Mama! Baba anavua koti."

Fundi alikuwa ameshasimama. Aliiona jezi ndani ya koti, akaelewa viatu, na akaelewa kwamba barua haikumfikia Katibu. Akafungua mdomo apige kelele, akaufunga. Alimjua. Akimwita mbele za watu, mwanamume yule ataingia uwanjani hata kama ni kwa magoti, asije akasemwa ameitwa na mkewe. "Mama, mwambie!" binti akasema. "Nyamaza," Fundi akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, "nyamaza, mwanangu, nyamaza."

Mkono wa kushoto ulitoka vizuri. Wa kulia ulikwama. Vidole vyenye ganzi vilinasa kwenye bitana, akavuta, bitana ikatatuka, mkono mzima wa koti ukageuka ndani nje. Na pamba ikatokeza.

Alidhani kwanza ni uchafu. Akaigusa kwa mkono wa kushoto, akaibonyeza. Tabaka moja. La pili. La tatu. Aliiona ile mishono midogo midogo, sawa kama punje za mchele, na aliijua ni ya nani. Kisha akautazama mkono wake wenyewe, uliotoka ndani ya jezi mbele ya mwanga wa saa tisa alasiri, na hakukuwa na ukuta wa kuugeukia. Ulikuwa mkono wa mtu mwingine, mtu mzee, aliyeugua muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

"Kocha?" refa akaita. "Muda."

Nanga akalirudisha koti mwilini. Ilichukua muda, bitana ikining'inia, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyeelewa anafanya nini.

"Sina mtu," akamwambia refa.

"Na wewe?"

"Mimi siwezi." Sauti haikutoka, akarudia. "Mimi siwezi kucheza. Shingo yangu ni mbovu. Barua ya daktari ninayo."

Wale saba walimtazama. Nahodha akafuta matope machoni, akayapaka zaidi. Alikuwa mtu mwema, hakumlaumu. "Sawa, Kocha," akasema, akageuka.

* * *

Walishindwa. Pungufu mtu mmoja, wakiegemeana kwenye skramu kama walevi wanaosindikizana, walivumilia dakika saba, na dakika ya nane wapinzani wakauweka mpira chini nyuma ya mstari, trai ya pointi tano, pembeni palepale ambapo mtu wa kumi na tano angekuwepo. Kutoka jukwaani mtu akapaza sauti, "Koti zuri, mwanamume hamna!" Watu wakacheka. Fundi aligeuka amwone aliyesema, akaona nyuso nyingi zinazofanana.

Katibu alimngoja Nanga ukumbini. Aliisoma barua ile yenye harufu ya soksi, akaitazama tarehe.

"Hii ina mwezi mzima."

"Ndiyo."

"Umekaa mbele yangu ukanidanganya."

"Nilikudanganya."

Katibu alitaka kusema mengi, lakini mtu akikubali kosa haraka humwacha mgomvi wake mikono mitupu. "Kamati itakaa Jumatatu," alisema tu, akaondoka na barua.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Wimbo haukuimbwa, ukishindwa hauimbwi. Nanga alisimama na mfuko wake wa mipira. Kwenye benchi la ukumbini alikaa Tofali, kichwa kimefungwa bendeji nene, akinywa maji polepole kama alivyoagizwa.

"Kocha," Tofali akasema, "mimi ningeingia."

"Najua. Hata mimi niliingia kila mara."

"Leo nani kakuzuia?"

Nanga akaigusa bitana iliyoning'inia. "Fundi cherehani," alisema.

Tofali alimtazama, akadhani ni kichwa chake ndicho kimesikia vibaya. Kabla hajauliza, mlango ukafunguka, mkono ukatokeza, ukamvuta Tofali ndani. "Wewe kaa na sisi, wewe." Mlango ukafungwa tena.

Alisubiri mpaka wote walipotoka. Wengine walisema "Kocha". Wengine walipita wanatafuta funguo mifukoni.

* * *

Asubuhi ya Jumapili koti lilikuwa juu ya meza ya cherehani, bitana imefunguka. Fundi alikuwa ameketi mbele yake na hakuligusa. Macho yalikuwa mekundu.

"Ningekuua kwa pamba," alisema.

"Hukujua."

"Nilidhani umeiona. Siku ile kwenye kioo, nilidhani umeiona."

"Nilidhani nimepona." Akamwambia sasa lile neno la daktari, la kujaa na kupungua, lote, mpaka mwisho. Fundi alisikiliza ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Si ungeniambia, jamani?"

"Na wewe si ungeniambia?"

Mtaani mtu alikuwa anaosha gari na redio imefunguliwa. Simu ya Nanga ilikuwa mezani, uso juu, na tangu jana haikuwa imelia hata kwa bahati mbaya. Kazi hakujua kama anayo. Alivua shati lake, kwa mkono wa kushoto, kifungo kimoja kimoja, akasimama katikati ya chumba, akatandaza mikono.

"Itoe pamba," alisema. "Halafu unipime."

"Kesho kamati wakilitaka koti lao je?"

"Wakilitaka watalichukua. Lakini watalichukua likiwa langu."

Fundi akachukua utepe shingoni. Akachukua na daftari, lakini Nanga akatikisa kichwa. "Mwite."

Binti alikuja na kalamu, akasimama mlangoni. Hakujua pa kutazama. Kisha akaukazia macho mkono wa baba yake, kwa kuwa ndio uliokuwa mbele yake.

"Soma kwa sauti," Nanga akamwambia mkewe. "Kama unavyowasomea watu."

"Kushoto," Fundi akasoma. "Arobaini na tatu."

Binti akaandika.

Utepe ukazunguka mkono wa kulia. Fundi akautazama, akauvuta sawa, akautazama tena. Safari hii hakusingizia kwamba ametikisika.

"Kulia," alisema. "Thelathini na saba."

Kalamu ya binti ilisimama. Alifungua ukurasa wa nyuma, akaona mwandiko wa mama yake: thelathini na nane. Akainua macho, machozi yamemjaa.

"Andika, mwanangu," baba yake akasema. "Ndicho kipimo." Akangoja mpaka aliposikia kalamu imeandika, ndipo akashusha mikono.

"Haya," akamwambia Fundi. "Lishonee huyo wa thelathini na saba."